Salamu za Saa Moja Asubuhi

Ukitaka kumkasirisha Bulaimu wa Kabambare, mwambie kwamba mashine imerogwa. Atavua miwani, atakuangalia kama anaangalia kuku aliyeingia jikoni, kisha atakuuliza pole pole: "Ulichomoa waya? Ulizima betri? Ulijaza diski na picha za ndoa ya dada yako?" Na mara nyingi, jamani, ilikuwa ni picha za ndoa ya dada. Miaka kumi na moja alitunza seva mbili za shirika moja la afya, moja Kabambare na nyingine Kasongo, na ndani ya miaka hiyo hakukuta mchawi hata mmoja. Alikuta mende. Alikuta vumbi jekundu la barabara. Alikuta betri za plake za umeme wa jua zimekauka maji kwa sababu mlinzi aliogopa kuzigusa. Mchawi, hakuna.

Seva, kwa wewe usiyeijua, ni kompyuta inayokaa bila mtu mbele yake. Inafungiwa chumbani, inawaka usiku na mchana, inatunza orodha za dawa na tarehe za chanjo za watoto wa vijiji vyote, na kompyuta nyingine zikiomba kitu inazipa. Za Bulaimu zilikuwa za Linux, ile ya skrini nyeusi na maandishi meupe, haina kipanya, haina picha. Ukikosea herufi moja inakukatalia. Ukipatia, inafanya kazi na kunyamaza, haikupi hata asante. Wengi wanaikimbia kwa sababu ya ukimya huo. Bulaimu alisema anaupenda. Mtu husema mengi.

Maana yeye mwenyewe alikuwa peke yake, na tusimpambe. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Alizaliwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, akaletwa Kabambare na kazi, na mke wake akafia huko huko Kabambare mwaka wa pili. Binti yake mmoja aliolewa Uvira, akawa anapiga simu Idi kwa Idi. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi. Jioni alipika bugali na sombe ya majani ya muhogo, akala nusu, nusu akaifunika na sahani, akaila alfajiri ikiwa baridi. Baada ya hapo hakutia kitu tumboni mpaka jioni nyingine. Majirani walimsalimia vizuri, watu wa Kabambare si watu wabaya, lakini salamu yao iliishia mlangoni: "Papa Bulaimu, jambo?" "Jambo." "Na kazi?" "Iko." Basi. Kulikuwa na siku ambazo magharibi ilifika akagundua kwamba neno refu kuliko yote aliyotoa tangu asubuhi lilikuwa neno la siri la kuingilia kwenye mashine, na hilo nalo hakulitamka, aliliandika tu.

Halafu kulikuwa na Victorine.

Victorine alikuwa karani wa ofisi ya Kasongo, mama wa miaka thelathini na minane, Mkristo, mtoto wa moja ya familia za zamani za pale. Hakuwa na mume. Alikuwa na kicheko kinachotoka kabla utani haujamalizika. Bulaimu alikuwa amekwenda Kasongo kumfundisha kazi ya seva, majuma matatu, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja mbele ya skrini moja. Siku moja alimfundisha ratiba. Linux ina karatasi yake ya ratiba: unaandika saa, unaandika na kazi, na kila siku saa ile ikifika mashine inaifanya yenyewe, uwepo usiwepo.

"Angalia sana hapa, mama," Bulaimu alimwambia. "Mashine haijue saa yetu. Siye tunahesabu tangu jua kutoka. Yeye anahesabu tangu usiku katikati, sawa na Wafaransa. Saa saba yetu ya muchana, kwake iko kumi na tatu. Ukimuandikia saba, ataamuka na jogoo."

"Kumbe mimi niko na tumbo ya Kiswahili na kazi ya Kifaransa!" Victorine alisema, akacheka mpaka akafuta macho na kona ya kikwembe chake cha kiunoni.

Neno lile Bulaimu alirudi nalo Kabambare. Siku za kwanza alilikumbuka akiwa njiani, akacheka peke yake, na dereva wa pikipiki akageuka kuona kama mzee wake ana homa.

Baada ya hapo barua zilianza kutembea kati ya mashine hizi mbili. Mwanzoni zilikuwa za kazi. Kisha Victorine akaanza kuongeza mstari chini: mvua imebomoa ukuta wa shule, mchele umepanda sokoni, mbuzi wa jirani amekula maharagwe ya chefu, mkuu wa ofisi. Bulaimu alijibu. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kwa kazi lakini vizito kwa maneno ya moyo, kwa hiyo akaanza kujirekodi kwenye simu na kutuma sauti ndani ya barua. Dakika tano, dakika saba. Alimweleza nini? Mambo ya hovyo, kusema kweli. Alimweleza ndege aliyejenga juu ya antena. Alimweleza samaki wa Nyangwe anavyokaangwa na mama yake. Mwanamume aliyenyamaza miaka tisa akipata sikio, anamwaga hata makapi.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliopita alijitia nguvu. Mwishoni mwa sauti yake, baada ya kukohoa mara tatu, alisema: "Victorine, siku moja nitakuja Kasongo, nikuulize neno. Wewe mutu mukubwa, unajua neno gani."

Victorine hakulijibu lile neno. Lakini kesho kutwa, saa moja kamili ya asubuhi, ilikuja salamu. Na kesho yake tena, saa moja kamili. Na siku iliyofuata. Tangu hapo hazikukosa hata siku moja: Jumatatu, "Papa Bulaimu, jambo, juma mupya, nguvu!" Jumatano, "Papa Bulaimu, huku tuko muzima, na huko?" Ijumaa, "Papa Bulaimu, leo ni Ijumaa, uniombee musikitini." Na zote, bila kubagua, zilimalizika kwa swali moja: "Umeisha kula ya muchana?"

Chakula cha mchana, saa moja asubuhi! Bulaimu alipoliona swali lile mara ya kwanza alipiga goti kwa kiganja. Kumbe anakumbuka! Alikuwa amemsimulia kwamba yeye chakula cha siku nzima anakimaliza alfajiri, na huyu mama sasa anamtania kila siku iendayo kwa Mungu. Nani mwingine duniani alijua Bulaimu anakula saa ngapi? Akalichukua lile swali kuwa jibu la neno lake. Mwanamke mwenye heshima, alijisemea, hakuambii ndiyo mara moja. Anakujulia hali mpaka siku utakapokuja. Na Ijumaa msikitini, akimaliza kuwaombea wafu wake, alimwombea Victorine kwa jina, Mkristo yule, pole pole, ili jirani yake wa mstari asisikie.

Ndiyo, maneno yalijirudia. Najua unachotaka kusema, ngoja. Na yeye aliliona. Lakini nani anabadilisha salamu? Mama yake alimwamkia kwa neno moja miaka thelathini na hakuna aliyemshtaki. Ndiyo, maswali yake mwenyewe hayakujibiwa: alipouliza kama ukuta wa shule umejengwa, ikaja "juma mupya, nguvu!" Akasema kazi ni nyingi Kasongo. Alipopiga simu, mara mbili tu kwa sababu aliona haya, namba ilikuwa imezimwa. Akasema ni mtandao. Mtu huyu aliweza kusoma mistari elfu kumi ya kumbukumbu za mashine na kukuonyesha mmoja unaodanganya. Mganga hajigangi, wazee walishamaliza.

Kisha, mwezi wa nne mwaka huu, siku ya Jumamosi, saa moja ikafika na salamu haikufika.

Alikagua antena. Alikagua waya. Akazima mashine yake na kuiwasha, kitu ambacho yeye huwatukana wengine wakikifanya. Jumapili, kimya. Jumatatu, kimya, na bugali lake la asubuhi likabaki kwenye sahani. Alikwisha kuamua kwamba Victorine ni mgonjwa, alikwisha kumzika kabisa kichwani mwake, wakati Gérard, chefu mpya wa ofisi ya Kasongo aliyeanza kazi mwanzo wa mwaka, alipopiga simu.

"Papa Bulaimu, mashine ya huku imekufa."

"Haijakufa. Inasema nini?"

"Inasema nafasi haiko. Haipokee kitu, haitume kitu. Tangu Ijumaa usiku. Na orodha ya madawa inapashwa kwenda ofisi kubwa ya Kindu Alhamisi, saa kumi ya muchana, la sivyo vituo vya afya vitangoja miezi mitatu mengine. Watu hapa wanasema labda mutu ameitupia kitu."

"Hakuna mutu ametupa kitu! Mashine imeshiba, basi."

Mashine iliyoshiba, sikiliza, si ugonjwa. Bulaimu angeweza kuitibu akiwa amekaa kwenye kiti chake kule kule Kabambare, kwa maneno sita au saba ya kuandika, kabla chai haijapoa. Mlango wa nyuma wa seva ile, ule wa kuingilia kwa mbali kupitia mtandao, ulikuwa bado unafunguka. Alijua bila hata kuujaribu. Hakuujaribu. Alitaka kuuliza juu ya Victorine, hakuuliza, akasema uongo wake wa kwanza wa kazi tangu alipoajiriwa:

"Chefu, hii inataka mikono. Nakuja mimi mwenyewe."

Maana alikuwa ameona. Siku tatu bila salamu zilimwonyesha kitu ambacho mwaka mzima wa salamu haukumwonyesha: kwamba hawezi tena kukaa bila yule mama. Alikuwa anakwenda Kasongo kuuliza neno lake. Mashine ilikuwa kisingizio tu.

Njia kutoka Kabambare hadi Kasongo, wakati wa mvua, usimuulize mtu aliyeipita. Bakari, mwenye pikipiki, alimbeba siku mbili. Waliteremka mara ishirini kusukuma. Kwenye mto mmoja magogo ya daraja yalikuwa yameondoka na maji, wakalipa vijana wa pale wakabebewa pikipiki mabegani kama jeneza. Bulaimu alikuwa ameweka shati jipya ndani ya mifuko miwili ya plastiki, na kila waliposimama alilishika kuona kama ni kavu.

"Papa, huko Kasongo unaenda tengeneza mashine ao unaenda oa?" Bakari alimwuliza.

"Angalia barabara," Bulaimu alisema. Lakini alikuwa anatabasamu mgongoni mwa yule mtu, na alikuwa anafanya mazoezi ya maneno yake kimoyomoyo, akiyapunguza, kwa sababu katika umri wake mtu hapaswi kusema mengi.

Walifika Alhamisi, jua limepanda. Akaoga kwenye nyumba ya wageni, akavaa shati, akaenda ofisini. Hakuingia ndani. Neno la namna ile halipelekwi na mwenyewe kama barua ya kodi. Linapelekwa na mtu mzima wa katikati. Na alikuwa amekwisha kumchagua: Mama Léontine, mfagiaji wa ofisi, aliyemjua tangu zamani na aliyemlilia mke wake alipokufa. Alimkuta nyuma ya jengo akipepeta mchele kwenye ungo.

"Papa Bulaimu! Karibu! Umekonda!"

"Mama Léontine, kabla sijaona mashine, nataka unisaidie. Unipelekee neno."

"Neno ya nani?"

"Yangu. Neno ya kuoa."

Mama Léontine aliweka ungo chini, akapiga kigelegele kifupi, cha kunong'ona, akiangalia madirisha ya ofisi. "Mungu mukubwa! Haya, kwa nani? Namufahamu?"

"Kwa Victorine."

Yule mama alibaki na mkono mdomoni. Kuku watatu walikuja wakaanza kula mchele kwenye ungo na hakuwafukuza.

"Victorine ya hapa? Ya ofisi?"

"Yeye."

"Papa Bulaimu," alisema. "Hawakukuambia? Victorine alishatuachaka. Tangu mwezi ya sita, mwaka jana. Iko Kindu. Aliolewa na mwalimu moja kule. Iko na mutoto, tuliletewa picha."

Bulaimu alicheka. Kicheko kilimtoka tu. "Hapana, mama. Unachanganya watu. Ananiandikia kila siku. Ijumaa iliyopita ameniandikia, nimuombee."

"Nani anakuandikia, Papa?" Mama Léontine aliuliza, na aliuliza kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomwogopesha. Aliaga. Akaingia ndani.

Gérard alikuwa anamngoja amesimama, saa yake ya mkononi akiigonga kwa kidole. Meza ya Victorine ilikuwa na mwanamume juu ya kiti chake, karani mpya, ambaye alinyanyuka kumsalimia kwa adabu. Bulaimu alimjibu, hata jina lake hakulisikia. Akajifungia kwenye chumba cha seva, chumba kidogo chenye joto na feni inayolia, akaketi.

Mikono ilianza kazi bila yeye. Hivyo ndivyo mikono ilivyo, kichwa kinaweza kuwa kimekwenda na yenyewe ikabaki zamu. Kwanza unauliza: chumba gani kimejaa? Seva imegawanywa vyumba. Chumba cha barua na kumbukumbu kilikuwa kidogo, yeye mwenyewe alikipima hivyo zamani, na kilikuwa kimejaa asilimia mia. Kisha unauliza: nani amekijaza? Unashuka kabati kwa kabati, kila kabati linakuambia uzito wake. Kumbukumbu: ndogo. Barua: nzito. Ndani ya barua, sanduku la Gérard: jepesi. La ofisi: jepesi. La Victorine: zaidi ya giga mbili.

Alijua kabla hajalifungua. Mimi nadhani alijua tangu kwenye ungo wa mchele. Alilifungua hata hivyo, kwa sababu fundi hakisii, anaangalia. Barua mia tatu themanini na sita, zote kutoka kwa bulaimu, zote na sauti ndani, dakika tano, dakika saba. Pembeni ya kila moja, ukiacha chache za juu kabisa, kulikuwa na alama ambayo mashine huiweka kwenye barua isiyofunguliwa na mtu. Alishuka ukurasa baada ya ukurasa na alama ile ilishuka naye. Ndege wa antena wa mwaka huu, haijafunguliwa. Ndoto ya mama yake, haijafunguliwa. Ile aliyoirekodi akiwa na homa, akidhani anakufa, akimwambia nani ampigie simu binti yake: haijafunguliwa.

Kumbe ni yeye. Mashine ya Kasongo ilikuwa imeshiba maneno yake. Dawa za vituo vya wilaya nzima zilikuwa zimekwama nyuma ya Bulaimu akisimulia samaki.

Akafungua ratiba ya Victorine. Jina lake lilikuwa bado lipo kwenye mashine. Hakuna aliyemwarifu Bulaimu alifute. Ratiba ilikuwa na kazi moja tu. Sifuri, saba, nyota, nyota, nyota: kila siku, saa saba, chukua salamu ya siku hiyo kwenye faili la salamu saba, peleka Kabambare. Saba. Alitaka saa saba ya mchana, masikini, wakati watu wanakaa kula, na akasahau kuandika kumi na tatu. Mashine ikaamka na jogoo. Utani aliokuwa akiucheka mwaka mzima, kila asubuhi, na sahani ya bugali mkononi, haukuwa utani. Lilikuwa kosa la saa.

Juu ya ule mstari Victorine alikuwa ameandika maneno machache, kama Bulaimu alivyomfundisha, kwamba usiache kazi kwenye ratiba bila kueleza ni ya nini: "Kwa Papa Bulaimu. Asijisikie peke yake. Musifute."

Aliyasoma mara nyingi. Feni ililia. Na nitakuambia jambo la ajabu: alianza kupoa. Alijitengenezea maelezo, na hayakuwa maelezo mabaya. Mama wa watu amepata mume, anaondoka kwenda Kindu, anamkumbuka yule mzee wa Kabambare. Hawezi kumwambia, anaona vibaya kumwacha hivi hivi, basi siku ya mwisho, mizigo imefungwa, anakaa dakika kumi anamwandikia salamu saba. Ni huruma. Mtu anaweza kuishi na huruma. Bulaimu aliona kwamba anaweza kurudi Kabambare na hiyo, akaiweka mahali fulani kifuani, na hata mstari ule akaamua kuuacha.

Laiti angeishia hapo. Lakini fundi wa seva ana tabia moja, na tabia hiyo haimwachi hata msibani: akikuta faili, anauliza tarehe. Ilizaliwa lini? Watu wanasahau, watu wanapamba, tarehe haina mjomba. Vidole viliandika. Mashine ikajibu mara moja, bila kupandisha wala kushusha sauti, kama ilivyo kawaida yake.

Tarehe kumi na tatu, mwezi wa tatu. Si mwezi wa sita.

Akarudi kwenye sanduku la barua, juu kabisa, kwenye zile chache zilizofunguliwa. Ya mwisho kufunguliwa ilikuwa ya tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Hakuhitaji kuisikiliza. Ndiyo ile ya kukohoa mara tatu. Alikuwa amemsikia, basi. Alisikia "nikuulize neno", na usiku haukupita mara mbili, akakaa kwenye benchi lile lile, akaipa mashine kazi ya kumjibu. Halafu akabaki pale miezi mitatu na nusu, anakuja kazini, anacheka na Mama Léontine, anakula chakula chake cha mchana, na sanduku linajaa mbele yake sauti moja baada ya nyingine, asifungue hata moja.

Mimi simlaumu Victorine. Haya, namlaumu kidogo. Kumwambia mtu "hapana" ni neno moja, na linauma siku moja au mwezi. Lakini labda aliogopa kumvunja mtu aliyemfundisha kazi, na labda alidhani wema ni kutosema. Wako wengi wanaodhani hivyo. Bulaimu hakumlaumu wala hakumtetea. Aliona aibu, aibu ya moto, masikioni, shingoni, ndani ya shati jipya. Aliona haya mbele ya mashine.

"Papa Bulaimu!" Gérard aligonga mlango. "Saa tisa inafika!"

"Nakuja."

Kanuni aliiandika yeye mwenyewe, imebandikwa ukutani ofisi zote mbili: mtu akiacha kazi, jina lake linafutwa kwenye mashine, na sanduku lake, na ratiba yake, siku ile ile. Ilikuwa imechelewa miezi kumi. Kwanza alifuta barua. Mashine za wengine hukuuliza, "Una hakika?" Linux haiulizi, ukiwa mkubwa wa mashine inaamini unajua unachofanya. Mia tatu themanini na sita ziliondoka kwa muda wa kupepesa jicho. Kisha akaandika amri ya kufuta jina. Hapo alikaa. Salamu za saa moja ziliishi ndani ya jina lile, likienda, zinakwenda. Alijua jinsi saa moja ya asubuhi ya kwanza itakavyokuwa kule Kabambare, na ile ya baada yake. Alilia kidogo, si sana, akiwa ameinamisha kichwa karibu na feni ili isikike feni tu. Akabonyeza.

Mashine haikusema kitu.

Chumba kilikuwa sasa kimejaa asilimia thelathini na moja. Barua zilizokwama zilianza kusonga zenyewe, na orodha ya madawa ikatoka kwenda Kindu saa kumi kasoro robo. Karani mpya alipiga makofi. Gérard alileta soda mbili za baridi na karatasi ya ripoti, maana Kindu walitaka kujua kwa nini mashine ilisimama siku sita. Bulaimu aliijaza kwa mwandiko wake mdogo. Mahali palipoandikwa "Chanzo" alifikiri kwanza kuandika vumbi, au betri. Hakuna ambaye angejua. Lakini uongo mmoja kwa kazi moja ulitosha. Akaandika: "Diski ilijaa. Barua za sauti kutoka Kabambare, hazikufunguliwa na mpokeaji. Zimefutwa."

Gérard alisoma akinywa, akapiga muhuri.

"Mutu mumoja ametufanyia hii yote?" alisema. "Kila siku anatuma, na hakuna mutu anamujibu, na yeye anaendelea tu? Huyo mutu ya Kabambare, ukifika kule, umuambie aache."

"Nitamuambia, chefu," Bulaimu alisema.